Nusu Kidonge

Kaka yake ndiye aliyemfundisha kushona. Kwa hiyo siku alipomwona anahangaika na uzi, tundu la sindano linamkimbia, dada mtu aligeuza uso akajifanya anamfuta mtoto kamasi.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu kaka aanze vidonge. Kabla ya hapo alikuwa halali, anabishana na ukuta, anadai wateja wanamsengenya kutoka ndani ya makoti anayowashonea. Hospitali wakaandika kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai. Dada, aliyekuwa akiishi chumba cha pili na mwanawe, ndiye aliyekabidhiwa dawa. Na kweli, zile sauti zikapungua. Kaka akarudi kibarazani, kwenye cherehani yake, ubavuni mwa dada yake.

Lakini mikono ikaanza kutetemeka. Mguu nao haukutulia. Akiuweka kwenye kanyagio unakwenda wenyewe, cherehani inakimbia, pindo la sketi linakwenda upogo.

"Fundi, hii uliishona huku unacheza muziki?" mama mmoja aliyeleta sare za shule alimtania.

Watu wakacheka. Kaka naye akacheka. Kisha akalifumua pindo lote, taratibu.

"Dawa imeniibia mikono," alimwambia dada yake jioni. "Kichwa kimetulia, sawa. Sasa nishone kwa kichwa?"

Maneno hayo yalimkaa dada rohoni. Asubuhi yake akachukua mkasi wa kukatia nyuzi, akakipasua kidonge katikati. Nusu akampa kaka, nusu akaificha kwenye kipande cha bitana. Nguo ikimbana mtu, unaiachia kidogo. Ndivyo alivyojua yeye. Kaka hata hakutazama kiganjani. Alizoea kupokea kwa dada yake na kumeza.

Siku ya nne mikono ilikuwa imetulia kiasi, dada akajipongeza kimoyomoyo. Siku ya tisa kaka alisimamisha cherehani ghafla, akainamisha sikio.

"Umemsikia?"

"Nani, kaka?"

"Yule mama wa sare. Ananicheka humu chini, kwenye bobini ya uzi."

Dada aliiacha kazi palepale. Akambeba mtoto mgongoni, wakaenda kliniki saa ile ile.

"Anameza kila siku?" nesi aliuliza.

"Anameza."

"Kidonge kizima?"

Dada akatazama sakafu. Angeweza kuitikia tu, yakaisha. Kaka alikuwa amekaa pale pale, magoti yanamchezacheza.

"Nakata nusu," alisema. "Mikono yake ilikuwa inanitia huruma."

Nesi hakufoka. Alisema kutetemeka huko wanakujua, na daktari ana njia za kukupunguza. Walipaswa kuja kusema mapema. "Ila mama, udaktari wa mkasi uache."

Kaka alimgeukia dada yake polepole.

"Umenipunguza kama suruali ya mteja," alisema. "Katika wote niliowaogopa, wewe sikukuhesabu."

Dada akataka kumshika mkono, kaka akauondoa. Daktari akawabadilishia dawa, wakarudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara.

Kesho yake baada ya chai dada alimletea vidonge na glasi ya maji. Kaka akavichukua vile vidonge, vyote na karatasi yake, akaingia chumbani na kuvuta pazia.

"Nitameza. Lakini si kwa mkono wako."

"Kaka, nesi amesema nikuone ukimeza."

"Niache, mdogo wangu."

Amemwita mdogo wangu. Dada alilishika neno hilo, akasimama nje ya pazia, glasi mkononi. Alisikia karatasi ya vidonge ikipasuka. Mtoto akaanza kulia kibarazani, naye dada hakwenda kumbembeleza.

Mkono wa kaka ukachomoza pembeni mwa pazia, unatetemeka, umefunguka. Dada akaiweka glasi kiganjani. Maji mengine yakamwagika sakafuni, mkono ukarudi ndani, na dada akabaki anasikiliza kama atameza.