Kijiti cha Jarso

Barua ya uhamisho ilisema wazi: nisiporipoti Kitui Jumatatu asubuhi, nafasi anapewa mwingine. Miaka saba nimefundisha Bute, huku kaskazini, mwanangu analelewa na nyanya yake, na kila mwaka naomba kurudi nyumbani.

Halafu, kwa akili zangu hizi, nikakubali kwenda kupiga kambi wikendi hiyohiyo. Mwalimu mwenzangu Justus alisema haifai niondoke bila kupanda vile vilima. Tukapakia hema kwenye gari lake, na Jarso, baba wa mwanafunzi wangu, akatuongoza. Sikatai, tulifurahi.

Jumapili alfajiri tukakuta laga, ule mto wa msimu, imejaa. Ijumaa tuliivuka ikiwa mchanga mtupu. Kambini kwetu halikuanguka hata tone. Mvua ilinyesha mbali huko juu, maji yakaja kutuziba. Nyuma vilima, mbele maji, njia nyingine hakuna. Nilishindwa hata kunywa chai.

Jarso alichomeka kijiti ukingoni, pale maji yalipoishia.

"Maji ikirudi nyuma, hii itatuambia," alisema. "Sasa ngoja."

Kungoja ndiko nisikokuweza. Justus alikuwa anakunja hema, Jarso yuko kando ya moto. Nilikitazama kile kijiti mpaka macho yakaniuma, maji yako palepale. Nikaking'oa, nikakichomeka hatua mbili juu.

"Justus, yamepungua. Twende."

Jarso angeona mara moja kwamba mchanga pale haukuwa umeloa. Justus si mzaliwa wa huku, kama mimi. Aliona kijiti kiko pakavu, akawasha gari. Nikasema Jarso atatufuata kwa miguu, nikaingia, nikafunga mkanda. Tairi za mbele zilipogusa maji alianza kupiga mluzi, na huo mluzi ulinimaliza. Nikamshika mkono.

"Simama. Kijiti nimekisogeza mimi."

Alirudisha gari nyuma, akazima, akashuka bila kunitazama. Jarso akaja na kikombe mkononi, Justus akamweleza. Nilingoja nitukanwe.

"Mwalimu, wewe pia ulikuwa ndani ya gari?"

"Nilikuwa ndani."

Akanipa kile kikombe cha chai.

"Miaka saba umekaa na sisi," alisema. "Kwani sisi ilikukosea nini, mpaka ukimbie sisi kwa maji?"

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.