Meli Iliachiwa, Ng'onda Wakakamatwa

Nilipokuwa chuo kikuu nilichagua somo la sheria za usafiri wa baharini kwa sababu mwalimu wake hakuwa na tabia ya kuita majina. Baadaye nikarudi kuishi Newala, juu ya uwanda, mahali ambapo mtu akitaka kuiona meli lazima apande gari nusu siku, na ambapo watu wana mengi ya kusema kuhusu maji ya bomba kuliko maji ya bahari. Kwa miaka mingi elimu ile ilinifaa kwa kuwachosha wenzangu barazani tu. Kisha meli moja ikapanda mwamba kwenye pwani yetu ya kusini, mafuta yake yakamwagika, na dada yangu akanipigia simu.

Dada huyu ni mkubwa kwangu. Anauza samaki wakavu sokoni Masasi, hasa ng'onda, wale wanaopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa. Anawafuata pwani mwenyewe, anarudi nao kwenye matenga, kisha anawauza kwa watu wa mjini, wa Lukuledi, wa Chiungutwa, na sisi wa Newala tunaoteremka. Mzigo aliokuwa nao alikuwa ameununua kabla meli ile haijafika hata karibu na mwamba wake.

"Mdogo wangu," aliniambia, "wewe si ulisomea mambo ya meli? Njoo. Nasikia watachoma samaki wangu."

Nilishuka nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu, kama mtu anayekwenda mahakamani. Njiani nilijikumbusha niliyofundishwa. Mwenye meli anawajibika kwa mafuta yake yaliyomwagika hata kama hakukusudia. Anatakiwa awe na bima. Serikali inaweza kuishikilia meli mpaka dhamana itolewe, na aliyepata hasara anaweza kudai. Ni sheria nzuri. Ukiisoma ukiwa umeshiba, unaweza kudhani mambo yamekwisha.

Lakini nilikuwa nimeona pia picha za video ambazo mama anayemuuzia dada samaki alizituma kwenye simu. Vijana walikuwa wanachota tope jeusi ufukweni kwa madumu yaliyokatwa, mikono mitupu, kaptula zimeganda. Nyuma yao walisimama wakubwa waliovaa vizibao vipya vinavyong'aa, nyuso zimeelekea kwenye kamera. Vifaa vya kuyazingira mafuta yasisambae vilikuwa vimehifadhiwa vizuri sana kwenye ghala la bandari nyingine, na vilipofika, maji yalikwisha kujaa na kupwa mara kadhaa, yakapeleka mafuta yalikotaka. Meli ilizuiliwa. Ikaja barua ya dhamana kutoka kwa watu wa bima. Meli ikaachiwa, ikaondoka. Sina ugomvi na barua hiyo, sheria inairuhusu. Ugomvi wangu ni kwamba baada ya meli kuondoka serikali ilibaki na mikono mitupu, na mikono ya serikali haipendi kukaa hivyo.

Ikatoka amri ya kuzuia samaki wa upande ule wa pwani. Amri yenyewe ilikuwa ya busara. Mimi pia nisingemla samaki aliyevuliwa kwenye tope lile. Tatizo lilianza ilipopanda barabara na kufika Masasi.

Nilimkuta dada amekaa nyuma ya meza yake ya saruji, mikono imefungwa kifuani. Bwana afya alifika muda mfupi baadaye na wasaidizi wawili. Alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, na alikuwa na adabu, jambo lililonifanya nishindwe kumchukia kama nilivyokusudia.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kununua au kunusa?"

Muuza nyanya wa meza ya pili, ambaye ni mtani wa dada wa miaka mingi, akadakia: "Anuse wapi, Mmakua wewe? Samaki wako ukiwafunua tu, hata Nanyumbu wanajua umefungua biashara."

"Na nyanya zako ukizifunua, nzi wanaitana kwa majina," dada akamjibu bila kugeuka.

Bwana afya akainamia tenga la kwanza, akanusa, akaliacha. La pili hivyo hivyo. Kwenye tenga la tatu akainua kichwa.

"Haya ni mafuta," alisema.

Nikasogea na mimi nikanusa, kwa upole wa mtu anayejua atakachosema. Yalikuwa mafuta kweli. Nikamtazama dada, naye akanitazama, na wote wawili tukajua ni mafuta gani. Shemeji yangu ana mikorosho, na mwenye mikorosho ana bomba la injini la kubeba mgongoni la kupulizia salfa, linalokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kwetu bomba hilo halilali nje hata siku moja, maana litaibwa. Linalala kwenye chumba chenye kufuli bora kuliko vyote, nacho ndicho chumba cha karanga, mbegu, na kwa dada, cha samaki. Nimewahi kula karanga za nyumba ile zikiwa na harufu ya gereji, na mwenyeji akaniuliza mbona sirudii.

Hapo ndipo usomi wangu ulipoamka. Badala ya kusema ukweli, niliuliza: "Bwana afya, una hakika haya ni mafuta ya ile meli?"

"Kabisa. Harufu yake si unaisikia?"

"Basi iandike. Huyu mama ameathirika na umwagikaji wa mafuta. Aingizwe kwa wanaodai fidia."

Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, walioathirika ni watu wa pwani. Kata zao zimetajwa. Masasi hakuna bahari."

"Kwa hiyo mafuta yamefika Masasi, madhara yamebaki pwani?"

"Mwongozo sikuuandika mimi."

Muuza nyanya alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilijiona nimesema neno la maana, na nilikuwa najiandaa kuongeza la pili, dada aliponivuta shati.

"Unataka nimsingizie mwenye meli?"

"Hatujamsingizia. Kasema yeye."

"Kasema, na wewe unampigia makofi. Petroli ya mume wangu haijawahi kuiona bahari."

Akamgeukia bwana afya. "Mwanangu, sikiliza. Tenga hilo lilikaa karibu na bomba la kupulizia mikorosho. Kosa langu. Lichukue, sitakugombeza. Hayo mengine hayana kitu, na niliyanunua kabla ya ajali. Nusa tena."

Kijana akasita. Nilimwona akiyatazama matenga mengine, na kwa kitambo kidogo nikadhani ukweli wa dada umefanya kazi ambayo sheria yangu ilishindwa.

"Mama, una kitu kinachoonyesha ulinunua lini?"

"Ufukweni nani anatoa risiti? Nawapokea kwenye kanga, nawahamishia kwenye tenga."

"Basi siwezi kuwatenganisha. Amri ni samaki wote wa upande ule."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Sasa kama ni wote, ulikuwa unanusa nini?"

Alifuta pua kwa leso. "Ni utaratibu," alisema.

Wakayabeba matenga yote mpaka kwenye shimo la takataka nyuma ya soko. Ng'onda hawashiki moto upesi, wana chumvi nyingi, kwa hiyo msaidizi mmoja alikuja na dumu la dizeli akawamwagia. Tulikuwa tumesimama pale, mimi, dada na muuza nyanya. Samaki wale waliovuliwa kwenye maji safi na kuletwa salama hadi nchi kavu walilowa mafuta kwa mara ya kwanza mbele ya macho yetu, kwa mkono wa serikali, ili watu wasile samaki wenye mafuta.

"Sasa ndiyo wanayo," alisema muuza nyanya. Safari hii hakucheka.

Nimejaribu kulitazama jambo hili kwa utulivu wa mtu wa makamo na nimeshindwa. Nchi ilikuwa na sheria ya kumbana mwenye meli, ikambana kwa upole. Ilikuwa na vifaa vya kuzuia mafuta, ikavipenda mno ikavifungia. Lakini kanuni ya kumnyang'anya mama tenga lake ilifanya kazi bila kuchelewa, ikapanda kutoka baharini hadi Masasi bila kuharibika hata gurudumu. Ninavyojua mimi, katika ajali ile nzima, kitu pekee kilichokamatwa kikaadhibiwa ni ng'onda wa dada yangu. Niliandika kwa ofisi mbili. Ya kwanza ilinijibu kwamba suala la samaki si lake. Ya pili ikanijibu kwamba suala la meli si lake.

Zuio bado lipo. Dada angeweza kuuza dagaa wa kwingine, lakini mtaji wake uliungua pamoja na ng'onda, na sasa ana hofu nyingine iliyo karibu zaidi. Sokoni pale meza isiyokaliwa hupewa mtu mwingine, na waliokuwa wakiisubiri meza yake walianza kuja kumsalimia kwa upendo usio wa kawaida. Kwa hiyo kila asubuhi anakwenda, anakaa nyuma ya meza isiyo na kitu.

Juzi niliteremka nikakaa naye. Akaja mama mmoja wa Lukuledi, mteja wake, kapu mkononi.

"Shikamoo. Ng'onda hakuna?"

"Marahaba. Hakuna."

"Watakuja lini?"

Dada akanielekezea kidevu. "Muulize huyu. Kasoma."

Nikamweleza kwamba zuio litaondolewa maji yakishapimwa na kuonekana safi.

"Anayapima nani?"

"Bado hawajamteua."

Akafikiri kidogo. "Na meli yenyewe wameizuia wapi?"

"Iliachiwa. Iliondoka zamani."

"Meli imeruhusiwa, samaki bado," alisema polepole, kama anayehakikisha kwamba amesikia vizuri. Nikamwambia ndivyo. Alinunua nyanya meza ya pili, akaaga. Nilitaka tuondoke tukanywe chai, dada akakataa. Mkusanya ushuru hupita saa nne kuangalia nani yupo na nani hayupo, na saa nne ilikuwa bado.