Masinia Meupe ya Jirani Yangu

Nilikuwa na wivu. Niseme hivyo kwanza, tusipotezeane muda. Jirani yangu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda, mwanamke niliyekimbia naye kutoka Kivu na kuimba naye kwaya moja, alipewa masinia, mimi nikaachwa.

Wafugaji walikuwa wakinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe kando ya bwawa letu, na dawa ile haitoki kwa kuchemsha. Ndipo mwalimu mmoja wa Mbarara akaleta masinia ya bati yaliyopakwa unga mweupe, umeganda kama rangi. Unamimina maji yaliyochujwa, kina cha kidole, unayaacha juani mpaka alasiri. Jua likiupiga ule weupe, dawa inavunjikavunjika majini, inakwisha. Weupe wenyewe unabaki. Kijiji kizima kikawa kinapanga foleni kwa jirani na kumwita mama wa maji. Eti mama wa maji! Na mimi ninayefagia uwanja mara mbili kwa siku?

Siku moja akanijia. "Dada, ninaenda hospitali ya Ruharo na mutoto, macho inamuuma. Uniangalilie masinia. Mwalimu anakuya kesho."

Nikayatazama yale masinia: vumbi, madoa. Nikasema moyoni, kesho mwalimu ataona nani anajua usafi. Nikachukua mchanga na majivu, nikasugua kama mama alivyonifundisha kusugua sufuria, mpaka bati likang'aa nikauona uso wangu. Nilifurahi, jamani! Asubuhi nikamimina maji, nikayaacha juani.

Alasiri jirani alikuwa amesharudi, na mwalimu akafika. Kabla mtu hajachota, akatia visamaki viwili majini, ndivyo alivyopima siku zote. Vikageuka tumbo juu. Akainua sinia. "Nani alisugua hii? Unga yangu nyeupe yote imeisha! Sasa mimi napeleka hizi kijiji ingine."

Nikarudi nyuma ya watu. Jirani alinitazama mara moja tu, akajua, akamgeukia mwalimu.

"Ni miye njo nilisugua, mwalimu. Unisamehe. Sitarudilia."

Mwalimu akapoa, akakubali kuyapaka upya na kumwachia. Watu wakamsifu kwa kusema kweli! Maji tulibaki nayo, aibu sikuipata, na badala ya kumshukuru nilijifungia ndani nikalia kwa hasira. Hata wema ule, kwa nini ulikuwa wake na si wangu?