Mashina ya Kijani ya Waride

Misimu mitatu mfululizo jaruba la chini la Waride, pale Mbwera karibu na bahari, lilimpa mapepe matupu. Mpunga uliota vizuri, kisha ncha za majani machanga zikapauka na kujisokota, na masuke yakasimama wima kwa wepesi, ndani hamna kitu.

"Mama Hanifa, tuliache hili," mumewe Sufiani alimwambia. "Maji ya chumvi yamekwisha kuliua."

Waride hakubishana naye, ila hakuliacha. Katikati ya mapepe alikuwa ameona mashina machache ya kijani yaliyoinamisha masuke yake. Chumvi gani hiyo inayochagua? Akayavuna peke yake, mbegu akaitia kwenye chupa, na msimu uliofuata akaipanda palepale. Majirani walimcheka kwa kuhangaikia konzi mbili za mpunga. Alifanya hivyo miaka minne, kila mara akichagua yaliyojaa zaidi.

Mwaka wa tano Iman, mtafiti wa mpunga, binti wa Kibiti, alishuka kutoka kwenye boti. Alichukua udongo, majani na mizizi ya jaruba lile, akaondoka. Baada ya miezi akarudi.

"Shikamoo, mama. Si chumvi. Udongo wako mweusi umejaa mboji, nayo imeishika shaba iliyomo ardhini, mizizi haiipati. Bila shaba punje hazijai."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huu wangu umejaa?"

"Mmea una jeni nyingi, nyingine zimelala, nyingine ziko macho. Shaba ikipungua, jeni moja kubwa huziamsha zile zinazosaidia mizizi kuvuta zaidi. Na kazi za shaba zisizo za lazima hupunguzwa, kidogo kilichopo kiende kwenye majani yanayolisha punje. Mpunga wote hufanya hivyo. Wako huanza mapema, kabla haujaumia."

Waride alilitazama jaruba. "Basi nilichagua sawasawa."

"Sawasawa kabisa, mama. Sisi tumekuja kujua kwa nini tu."

Msimu huo alipanda jaruba zima. Wakati wa kuvuna masuke yaliinama mpaka yakagusa maji, na Sufiani, aliyekuja na magunia manne, ilimbidi arudi nyumbani kutafuta mengine. Alicheka njia nzima.

Siku hizi Waride huitwa hadi kijiji cha Kiongoroni. Huingia majarubani na wanawake wenzake, kanga imefungwa kiunoni, akiwaonyesha shina la kuacha na shina la kuchukua.