Pua ya Muuza Maziwa

Bibi muuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa bado hunusa kifuniko cha kila dumu, macho kayafumba, vidole vyake vina hina. Zamani alikuwa akinusa mara moja tu, anakwambia ngamia huyu kalishwa malisho ya Kotile, yule ya Modogashe, wala hakosei. Saynab, jirani yake wa meza, ndiye pekee anayejua kwamba pua ile haisikii kitu tangu Ramadhani. Humgusa mguu chini ya meza: mara moja, maziwa ni mazuri, mara mbili, yameharibika. Leo mteja mmoja mzee kauliza kama zamani, akimwita bibi kwa Kisomali, “Ayeyo, haya yametoka wapi?” Bibi akanusa, akausubiri mguu wa Saynab. Saynab hakuwa na mguso wa swali hilo.

“Balambala,” bibi akasema mwishowe, taratibu. Ndiko alikozaliwa yeye mwenyewe.