Hashuki Bila Sauti ya Mamake

Mimi ni mkali, na sioni haya kulisema. Kazi yangu ni mlango wa basi la shule, hapa Ukunda. Mtoto hapandi wala hashuki ila mkono wangu umemshika, na akishuka hupokewa na mtu ninayemjua kwa sura. Nisiyemjua, nasikia kwanza sauti ya mzazi kwenye simu. Na siuachi mlango maadamu kuna mtoto ndani, hata niitwe na nani. Mama mmoja aliwahi kuniambia nina roho ya askari jela, nikamwambia ahsante.

Ukali huo haukuja bure. Watoto wetu wa pwani wamelelewa kwa adabu, na adabu yao ndiyo inayonitia hofu. Mtoto hufundishwa kwamba kila mwanamume wa rika la babake ni ami, akimwita aitike, akimtuma aende, akimshika mkono amfuate. Mwizi wa watoto hapa kwetu hana haja hata ya peremende. Inamtosha kuitikia shikamoo vizuri.

Siku hiyo tulikuwa tumeshawashusha watoto wa Mwabungo na tunaelekea Gazi na Msambweni, pikipiki ikatupita ikipiga honi, ikakata mbele yetu. Dereva wetu, kijana wa bara, akafunga breki na kutukana kwa lugha ya kwao. Akashuka abiria wa ile pikipiki, mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa kanzu na kofia, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Nikafungua mlango nusu, nikasimama katikati yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimemfuata mtoto wetu. Anahitajika nyumbani. Nimefika shuleni nikaambiwa basi limeshaondoka." Akamtaja jina. Alikuwa msichana wa darasa la pili, mpole, wa kushukia Msambweni, na kiti chake kilikuwa nyuma yangu tu.

Nikamgeukia. "Wamjua huyu?"

"Ni ami," akasema, na mkoba ameshauvaa mgongoni.

Nikamwambia akae. Ami! Hata muuza madafu wa pale kituoni ni ami.

"Anahitajika na nani?" nikamwuliza yule mtu.

"Na mamake."

"Mamake ana nini?"

"Hana neno. Yaani, anaumwa kidogo."

"Hana neno au anaumwa?"

Akajipangusa uso kwa kiganja. "Kuna shughuli nyumbani, mama. Tafadhali shuka kidogo, nikwambie pembeni."

"Siuachi mlango. Sema hapo hapo."

Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. "Hapa siwezi kusema."

Mtu amenipa sababu tatu kwa pumzi moja, hakuna inayolingana na nyingine, na sasa anataka niondoke mlangoni. Nikajisemea, njia ya mwongo ni fupi. Nikampigia mama wa mtoto. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikarudia, ikawa vile vile.

"Mathe, mpe tu tuende," dereva akasema. "Jamaa anakaa poa, na wazazi wa huko mbele wananipigia."

Nikamwambia yake ni usukani, mlango niachie mimi.

Yule mtu akatazama jua. "Mama, nakuomba kwa heshima ya Mungu. Alasiri inaingia."

"Ikiingia itakuwaje?"

Akamtazama tena mtoto. Nikatafuta nambari ya baba wa mtoto, nikapiga.

Simu ikalia ndani ya kanzu yake.

Niliisikia sikioni mwangu na mbele yangu kwa wakati mmoja. Akaitoa mfukoni, akaitazama inavyowaka, asiipokee wala asiikate. Nyuma yangu mtoto akasema, "Hiyo simu ya baba."

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amemdhuru mwenye simu. Nikashika chuma cha mlango kwa mikono miwili. Halafu ndipo nikamwangalia usoni kama inavyopasa kumwangalia mtu. Macho yalikuwa mekundu, wala si kwa vumbi. Amevaa kanzu na si Ijumaa. Ana haraka ya alasiri. Na neno lililomleta hataki kulisema mbele ya mtoto.

Mimi ni mzaliwa wa huku huku, desturi hii nimeinyonya kwa maziwa ya mama. Tanzia hairushiwi mtu njiani. Mfiwa huambiwa njoo, unahitajika, fulani anaumwa kidogo, na neno lenyewe hulisikia nyumbani, mikononi mwa watu wake. Alipokufa ndugu yangu, mimi niliambiwa ameteguka mguu. Basi yule kijana alikuwa akifanya alivyofunzwa, na kila alipojitahidi kumstahi mtoto, mimi niliona mwizi.

Nikamwuliza kwa macho tu. Akainamisha kichwa.

Nikajua yote yaliyobaki bila kuambiwa. Baba atazikwa baada ya alasiri. Mtoto wa kike haendi makaburini kwetu, kwa hiyo asipofika kabla jeneza halijatoka nyumbani, uso wa babake hatauona tena.

Na bado sikumtoa. Huzuni hata tapeli anaijua, na simu huibwa kila siku. Huruma ilinishika, wallahi ilinishika, lakini mkono wangu haukutoka kwenye kile chuma.

"Nipatie mamake," nikamwambia, kwa sauti ya chini sasa. "Nimsikie yeye, nami nakupa mtoto."

Akapiga simu yake mwenyewe, akamnong'oneza mtu aliyekuwa Bodo, kijijini kwao, aipeleke ndani kwa wanawake. Kisha akanikabidhi. Tukangoja. Dereva alikuwa amezima gari. Kwenye simu nilisikia miguu ya watu, kisomo, mtu anaomba njia, mlango.

Mtoto akachungulia chini ya kwapa langu. "Ami, baba ametoka hospitali?"

"Ametoka," akasema. "Twende ukamuone."

Hapo ikaja sauti ya mwanamke. Nikajitaja, nikasema yupo mtu hapa. Hakuningoja nimalize.

"Mpe. Ni mdogo wa babake. Mpe, dadangu, wanataka kunyanyua."

Mwanamke huyu hunisalimu kila alasiri kituoni, lakini kilio kilikuwa kimeibadili sauti yake. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimtaka aseme tena. Akasema tena.

Nikamshusha mtoto mwenyewe, nikampakia katikati ya ami yake na mwenye pikipiki. Hana kofia ngumu kichwani, barabara ile ya malori, nami mkali wa watu sikutamka neno. Wakaondoka kwa kasi ambayo siku nyingine ningeipigia kelele.

Jumamosi nilikwenda Bodo kutoa mkono wa pole. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno na sikuyapata. Mjane alikuwa ameshaingia eda, amekaa kwenye mkeka chumba cha ndani. Nikaketi karibu naye, nikamwambia poleni na msiba. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Walimsubiri," akasema. "Wakasali, wakamsubiri tena kidogo. Wazee wakasema maiti haicheleweshwi. Mwanangu amekutana na jeneza njiani, yuko juu ya pikipiki. Akamwuliza ami yake wamembeba nani."

Nikainamia mkeka.

"Ungalimpa pale pale," akasema, "angalimuona babake."

"Naam."

"Na ungalimpa pale pale bila kunisikia mimi, nisingalimpandisha tena kwenye basi lako." Akaushika mkono wangu. "Jumatatu ami yake atamleta kituoni. Umpokee."

Nikataka kuitikia kama mtu mzima, nikashindwa. Nikalia mimi, mgeni, mpaka mwenye msiba akawa ndiye anayenibembeleza.