Madirisha Sita ya Okito, na Mama Mkwe Asiyetazamwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Kindu, mji wa kando ya mto. Okito Anaclet amesimama juu ya kiti katika chumba cha waliojifungua, nyumba ya uzazi, bega lake la kushoto limebeba dirisha zima. Mdomoni ana skrubu nne. Kwa hiyo hawezi kujibu, na wanawake walioko vitandani wanalijua hilo vizuri.

"Baba Okito, dirisha limezaliwa na kilo ngapi?" anauliza mmoja.

"Umuache, uchungu umemupata," anadakia wa kitanda cha pili. "Asukume tu."

Okito anasukuma. Dirisha linapanda kidogo, bawaba inakaa mahali pake, na skrubu zinatoka mdomoni moja baada ya nyingine. Ya mwisho ikishaingia anashuka, anapangusa jasho, ndipo anawageukia.

"Ninyi mulizaa watu wakiwashika mikono," anasema. "Mimi nazaa peke yangu, na munanicheka."

Hili ni dirisha la nne. Yamebaki mawili, na leo ni Alhamisi. Jumamosi atakuja Bwana Roger, Mbelgiji anayesimamia majengo ya nyumba hii ya uzazi, naye atakuja na nyundo. Amekwisha sema: akikuta hata kishikio kimoja kimevunjika, madirisha yote sita yatapigwa misumari, na hapo hayatafunguliwa tena.

Kwa fundi mwingine hiyo ingekuwa shida ya kazini. Kwa Okito ni shida ya nyumbani. Mke wake, Emerance, ana mimba ya miezi minane, na ametamka kwamba hataingia kuzaa katika chumba kilichopigiliwa kama sanduku la chumvi. Madirisha yakifungwa, atapanda mtumbwi, atashuka na mto hadi Lokandu, nyumbani kwa mama yake.

Miaka mitatu iliyopita alizalia huko Lokandu. Mtoto alikaa vibaya tumboni. Muuguzi akaitwa, akafika watu wakiwa wamekwisha kukaa matanga. Akifika hapo, Okito huchukua tupa na kuanza kunoa patasi ambayo tayari inakata.

"Hapa iko mkunga, iko dawa, iko gari ya kupeleka muntu kwa daktari," anasema. "Kule iko mapenzi ya mama yake. Mapenzi ni mazuri. Safari ile niliyaona."

Madirisha yenyewe yana ukoo wake. Waumini wa parokia moja ya Ubelgiji walisikia habari za watoto wachanga wa Kindu, wakaguswa, wakachanga. Wakanunua madirisha bora kuliko yote waliyoyajua: kila moja lina vioo viwili vilivyobebana, na hewa iliyofungiwa katikati, ili baridi ya nje isimguse mtoto. Yakavuka bahari, yakapanda treni, yakapanda meli ya mto, yamefungwa kwenye majani makavu kama mayai. Baridi ambayo yaliletwa kuizuia haijafika Kindu hadi leo, lakini ikifika itayakuta yako tayari.

Yakifungwa, mtu anaweza kuchemshia mihogo humo ndani. Kwa hiyo lazima yafunguliwe. Na kwa kuwa kila moja lina uzito wa vioo viwili juu ya bawaba mbili, yakifunguliwa yanalegea, yakilegea hayafungi, na yasipofunga mvua inaingia hadi vitandani.

Mwezi uliopita moja lilichomoka bawaba ya juu. Kioo chake cha ndani kilimwagika juu ya kitanda ambacho mwenyewe alikuwa ameondoka asubuhi ile ile. Bwana Roger ndiye aliyeokota vipande kwenye blanketi, akiwa amepiga magoti, kimoja kimoja. Ndiyo maana anataja misumari, na Okito hamlaumu.

"Okito, mimi hapana taka kuokota kioo kichwani ya mtoto," alimwambia.

"Hata mimi, Bwana. Unipe mpaka Jumamosi."

"Na kama moja inavunjika?"

"Utapiga misumari, na mimi nitakushikia ngazi."

Okito alizaliwa Kibombo, mwana wa mkulima wa mpunga, akajifunza useremala katika karakana ya wamisionari. Mbao zenyewe hazikumshika sana. Kilichomshika ni vile vitu vidogo vinavyofanya mbao zitii: bawaba, kitasa, komeo, kishikio. Wenzake walitengeneza meza na kusifiwa. Yeye alitengeneza mlango usiolia, na hakuna mtu anayesifu mlango usiolia. Alipohamia Kindu, wenye maduka wa mtaa wa Kasuku ndio waliomlisha, akiwatengenezea vitasa. Kila aliyelala usingizi mzuri juu ya bidhaa zake alilala kwa sababu ya Okito.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mtu aliyekula miaka mingi kwa sababu ya wezi huwaona wezi kila mahali. Vishikio vya madirisha ya uzazi vilipoanza kuvunjika kutoka ndani, Okito hakujiuliza mara mbili. Akaweka vishikio vya chuma. Vikapinda. Akaweka vitasa vya funguo. Vikang'olewa pamoja na ubao wake. Akaweka kitasa kilichotosha kulinda benki, na kesho yake akakikuta kinaning'inia, na chini yake mchi wa kinu umeegemea ukuta.

Akauokota, akaugeuza mikononi. Mwizi gani anakuja na mchi, tena anausahau?

Jibu alilipata majuma mawili yaliyopita, na lilikuwa limevaa kitenge anachokijua.

Siku hiyo jirani yao, Claudine, alishikwa na uchungu. Mama mzazi wa Emerance, Mama Adolphine, alikuwa amewasili kutoka Lokandu ili kumchukua binti yake, amefikia kwa jirani huyo huyo, na kwa kuwa si mwanamke wa kukaa bure, akamsindikiza Claudine hadi nyumba ya uzazi. Alasiri Okito akapita hapo kuleta bawaba. Akasikia ubao unalalamika. Akaingia, akamkuta bibi mmoja mwembamba amening'inia kwenye kishikio cha dirisha la tatu kwa mikono miwili, mguu mmoja ameukanyagisha ukutani.

Akakitambua kitenge kabla ya uso. Papo hapo akageukia ukuta. Kwa watu wa kwao, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mtu mwingine. Aliyekuwa karibu ni mkunga, Hélène.

"Mama Hélène," akasema, akiongea na ukuta, "niulizie mama mukwe kama kishikio kimemutukana."

"Mwambie mukwe wangu," Adolphine akajibu bila kukiachia, "mwanamuke akiwa na uchungu, kila kitu chenye kufungwa kinafunguliwa. Sanduku, kabati, mulango, fundo ya kitambaa. Kimoja kikibaki kimefungwa, mutoto anafikiri njia yake nayo imefungwa."

"Mwambie mama, dirisha iko na ufunguo. Angeomba."

"Mwambie mukwe, mutoto hangojeaka ufunguo."

Okito akaangaza macho sehemu zile ambazo heshima ilimruhusu. Kabati lilikuwa wazi. Kopo la pamba lilikuwa wazi. Mfuko wake wa vifaa, aliouweka mlangoni muda si mrefu, ulikuwa umefunguliwa kamba, na skrubu zimetawanyika sakafuni.

Hélène amesoma shule ya wauguzi, na ana cheti ukutani. Hakuona haya kusema. "Mabibi wote wanafanya vile. Mimi nasikiliza tumbo, natoa dawa, na wao wanafungua. Wakisha kufungua wanatulia, na mwenye uchungu anatulia pamoja nao. Siku moja niliwakataza. Kelele ilizidi mpaka mimi mwenyewe nikaenda kufungua kabati."

Claudine alijifungua mtoto wa kike kabla jua halijazama. Kishikio hakikupona.

Okito alirudi nyumbani, akala akigongagonga meza kwa kidole, na Emerance akadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anahesabu mbao kichwani.

"Nilikuwa natengeneza kitasa cha kushinda mwizi," anasema. "Na aliyekuja si mwizi, ni bibi. Bibi hushindani naye. Unamutengenezea fasi ya kuweka mukono, basi."

Tangu siku hiyo anavunja kazi yake mwenyewe. Vitasa vyote vya funguo vimetoka. Mahali pake amechonga vishikio vya mbao ngumu ya mti wa kambala, vinene na vya duara kama mchi, kwa sababu mchi ndicho kitu ambacho kila kiganja cha mwanamke wa hapa kinakijua hata gizani. Komeo linateleza kwa vidole viwili. Katikati ya bawaba mbili za Ubelgiji ameongeza ya tatu, aliyoikata kwenye chuma cha lori lililokufa na kuisugua kwa tupa hadi viganja vikatoka malengelenge.

Mwanzoni alizipaka bawaba mafuta ya mawese. Usiku mmoja tu, siafu wakapanga foleni kutoka dirishani hadi kitanda cha kwanza, na mwenye kitanda akahamia kwa jirani yake na mtoto wake. Sasa anatumia grisi iliyokwisha tumika, anayoombaomba kwa mafundi wa reli. Inanuka, lakini haina wageni.

"Anaamka mbele ya kuku kuwika," Emerance anasema. "Nikimuuliza unaenda wapi, anajibu: naenda kukuzuia usipande mtumbwi. Nani atakasirikia jibu kama ile?"

Hakukasirika. Ila bunda lake la safari lilibaki limefungwa, nyuma ya mlango, mahali ambapo Okito alilazimika kuliruka kila anapotoka.

Jumamosi asubuhi bunda limeshatoka nyuma ya mlango. Liko juu ya benchi, nje ya nyumba ya uzazi, na Emerance ameketi kando yake. Mtumbwi wa Lokandu unaondoka saa sita. Bwana Roger amefika na sanduku la misumari. Mama Adolphine amefika na shauri lake.

Bwana Roger ananyoosha mkono kwenye dirisha la kwanza. Okito anamzuia.

"Bwana, usijaribu weye. Mukono wako iko na adabu." Kisha anaugeukia ukuta. "Mama Hélène, mwombe mama mukwe afungue. Kama siku ile."

Adolphine anakunja kitenge, anakamata kishikio kwa mikono miwili, anakanyaga ukuta, na kuvuta kwa nguvu zote alizozileta kutoka Lokandu. Dirisha linafunguka kama pazia. Bibi anarudi nyuma hatua kadhaa na kuketi, bila kupenda, juu ya miguu ya mama mmoja kitandani.

"Mwambie mukwe wangu," anasema akijitengeneza kilemba, "angenionya."

Chumba kizima kinacheka, isipokuwa Okito na ukuta wake.

La pili linafunguka. La tatu na la nne pia. La tano linagoma. Mvua ya usiku imeuvimbisha ubao wa fremu. Bibi anavuta, fremu inaguna, hakuna kitu. Kicheko kinakatika. Bwana Roger anahamisha sanduku lake kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kule nje Emerance amesimama, ameshika mwimo wa mlango.

"Mwambie mama asiache," Okito anasema, paji la uso limegusa ukuta. "Avute yote. Asimuonee mukwe wake huruma."

Adolphine anapandisha mguu. Anavuta hadi mishipa ya shingo inasimama. Ubao unapiga kelele, dirisha linatoka kwa kishindo, vioo vyote viwili vinatetemeka, na bawaba ya lori inalipokea. Kishikio kizima. Bawaba nzima. Kitu kidogo kinaanguka, kinabiringika, kinaingia chini ya kitanda.

Bwana Roger anainama, anakitoa. "Na hii?"

"Skrubu, Bwana," anasema Okito. "Ulisema kishikio. Skrubu hukusema."

Mzungu anaigeuzageuza kiganjani, analitazama dirisha, analisukuma mwenyewe, analirudisha. Anaitia skrubu katika mkono wa Okito.

"Weka mrefu kidogo," anasema. Linabaki la sita, nalo halina ugomvi. Mzungu anaondoka na sanduku lake la misumari.

Okito anaweka skrubu ndefu, kisha anaipiga randa fremu iliyovimba, maranda yanamwangukia miguuni. Nyuma yake Mama Adolphine anamwambia Hélène, kwa sauti ya kusikika hadi mtoni, amwarifu mkwe wake kwamba mtumbwi unaweza kwenda. Emerance atazalia hapa. Na kwa kuwa hivyo, yeye naye harudi Lokandu, atakaa nao hadi mtoto atoke arobaini.

Nyumba ya Okito ina vyumba viwili na mlango mmoja. Miezi miwili ijayo atatembea humo akitazama vidole vya miguu yake. Anapokea habari hiyo kama mtu aliyejua bei kabla ya kununua.

"Aniambie tu anakula samaki gani," anamjibu Hélène.

Emerance ameingia. Anapita dirisha kwa dirisha, polepole, mkono kiunoni, anafungua na kufunga kama mwenye nyumba anayepangisha. Anafika mwisho wa chumba, mbele ya mlango wa chumba cha kuzalia. Anauvuta. Mlango unakwama, kisha unalia kama mbuzi.

"Madirisha nimeyakubali," anasema. "Na huu?"

Okito tayari amechuchumaa chini ya kitasa chake, tupa mkononi, jicho moja limefumba.

"Mama Hélène anasema imebaki majuma tatu, ao ine. Mulango moja kwa majuma tatu, nitamaliza. Umwambie mutoto asiharakishe."

"Mwambie mwenyewe."

Okito anaweka tupa chini. Anafuta mikono yake ya grisi kwenye suruali, mbele na nyuma, anapiga magoti mbele ya mke wake, na kusogeza mdomo karibu na kitenge.

"Weye wa ndani," anasema. "Ungojee huu mulango. Kisha uje mbio."